Mwaka 1964: «Wakati ya Mulele» na dunia ilivyokuwa



Ukurasa wa historia wa mara hii unashika mwaka mmoja tu: 1964. Vijana wengi waliozaliwa Nyarugusu au Lugufu wanajua kwamba wazazi wao walikimbia mwaka 1996. Wafadhili pia, wakiandika ripoti juu ya Sange, wanaanzaga na 1996. Lakini ukikaa na mzee wa hapa na kumwuliza, «Baba, mulikimbia mara ngapi?», hataanza na 1996. Atakuambia: «Ya kwanza ilikuwa wakati ya Mulele.»

Hii si hadithi ya kupitisha jioni tu. Magomvi ya mashamba yanayoletwa mbele ya wazee mara nyingi yanarudi mpaka mwaka huo: nani alikuwa hapa, nani alivuka Ruzizi, nani alirudi, na alikuta nani amelima pahali pake. Mtu asiyejua mwaka 1964 hawezi kusikia vizuri maneno ya leo. Tena mwaka huo haukuwa wa Sange peke yake. Dunia nzima ilikuwa inatikisika, na mambo mengine yaliyoamuliwa mbali sana na sisi, Kairo, Lagos na Luluabourg, yanatugusa mpaka sasa. Basi tuyafuate kwa utaratibu.

Mwaka ulivyoanza

Mwezi wa kwanza wa 1964 moto uliwaka pande nyingi kwa wakati mmoja. Tarehe 12, Zanzibar ilipata mapinduzi. Sultani alikimbia kwa meli, na Abeid Karume akawa rais. Mtu aliyejulikana sana katika siku zile kwa sauti yake ya redio alikuwa John Okello, mgeni kutoka Uganda. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na wengine walitoka kisiwani wasirudi tena. Siku chache baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam wakidai mishahara na kutaka maofisa Waingereza waondoke. Uasi ulishika Uganda na Kenya pia, na serikali zote tatu zililazimika kuita askari wa Uingereza kuuzima. Tarehe 26 mwezi wa nne, Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na kabla ya mwaka kwisha nchi ile ikapata jina la Tanzania. Kwa hiyo nchi iliyowapokea wengi wetu baada ya 1996 ni mtoto wa mwaka huo huo.

Jirani zetu wa Rwanda nao walikuwa katika machozi. Mwisho wa 1963, wakimbizi wenye silaha waliingia Bugesera kutoka Burundi wakashindwa, na baada ya hapo Watutsi wengi waliuawa ndani ya nchi, hasa upande wa Gikongoro. Wakimbizi wapya walitoka. Tangu 1959 Kivu ilikuwa imeshapokea Wanyarwanda waliokimbia, na baadhi yao walikuwa wamepewa pahali katika teritware ya Uvira, upande wa Lemera na Mulenge. Kumbe Sange na milima yake ilipokea wakimbizi kabla watu wake wenyewe hawajawa wakimbizi.

Na hapa Kongo? Mwezi ule ule wa kwanza, Pierre Mulele alianzisha uasi wake Kwilu, magharibi ya nchi. Mulele alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Patrice Lumumba. Baada ya Lumumba kuuawa mwaka 1961, alikwenda nje, akafika China, kisha akarudi kwa siri kuwafundisha vijana wa kijijini vita vya msituni. Alisema uhuru wa 1960 uliwapa wakubwa wachache nyumba na magari, na mwananchi akabaki na jembe lake.

Hapo vijana washike jambo moja. Mulele hakufika Ruzizi. Kutoka Kwilu mpaka Sange ni kuvuka nchi nzima. Lakini jina lake lilifika kabla ya bunduki, na likakaa. Wapiganaji wa mashariki walipewa dawa na maji ya kuwakinga, na walipoingia vitani walipiga kelele «Mai Mulele!», maana yake risasi zigeuke maji. Wao wenyewe walijiita Simba, neno la Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya vita ile upande wetu wa mashariki. Mpaka leo jina la Mai-Mai linatoka kule. Ukisikia mtoto wa leo analitamka, ujue anatamka neno la babu yake.

Moto katika Bonde la Ruzizi

Mwezi wa kumi 1963, wafuasi wa Lumumba waliokuwa wamekimbilia Brazzaville waliunda Baraza la Taifa la Ukombozi, CNL. Mwanzoni mwa 1964 walimtuma Gaston Soumialot Bujumbura. Burundi wakati ule ilikuwa bado ufalme wa Mwami Mwambutsa. Kutoka pale, kuvuka mto tu ni Kongo. Soumialot hakuleta jeshi kutoka mbali. Alikuta hasira iko tayari.

Hasira ile ilikuwa ya nini? Bonde letu lilikuwa na pamba, lilikuwa na viwanja vilivyopimwa na Wabelgiji, na upande wa Kiliba lilikuwa na miwa na kiwanda cha sukari. Lakini baada ya uhuru, mishahara haikulipwa vizuri, bei zilipanda, askari wa serikali walinyang'anya watu, na wakulima wengi walikuwa na ugomvi na utawala wa sheferi juu ya ardhi na kodi. Kati ya Wafuliiru, Musa Marandura alikuwa amesimama kupinga utawala wa mwami, na watu wakamchagua kuwa mjumbe wa jimbo. Yeye na Louis Bidalira ndio majina makubwa ya uasi katika bonde. Vita vilivyoitwa vya ukombozi wa Kongo nzima, hapa kwetu vilianza pia kama ugomvi wa nyumba moja.

Katikati ya mwezi wa nne mapigano yalianza bondeni. Vijana wengi walikuwa na mishale, mikuki na mapanga. Askari wa serikali, waliokuwa na bunduki na magari, walikimbia. Walisikia kwamba hawa watu hawafi kwa risasi, na hofu ikawashinda kabla ya mapigano. Tarehe 15 mwezi wa tano Uvira ilianguka. Fizi ikafuata. Mwezi wa sita Albertville, ambayo leo tunaiita Kalemie, ilianguka pia, na kati ya viongozi wa CNL kule alikuwemo kijana mmoja aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Baadaye alikaa miaka mingi katika milima ya Fizi. Mwaka 1997 alikuwa rais wa nchi.

Sange iko juu ya barabara kubwa ya Uvira na Bukavu, kati ya Runingu na Luberizi. Barabara hii inatuletea soko, na ndiyo inatuletea vita. Kila jeshi lililotaka Bukavu kutoka Uvira, au Uvira kutoka Bukavu, lilipita hapa. Mwezi wa sita, Jenerali Mobutu mwenyewe alifika mbele ya vita huko Kamanyola, na wimbi la waasi likasimamishwa pale. Baadaye, alipokuwa rais, aliifanya Kamanyola kuwa jina la utukufu wake: divisheni ya jeshi iliitwa Kamanyola, meli yake ya mto iliitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa Kamanyola kabla ya kuitwa uwanja wa Mashahidi. Taifa zima lilijifunza jina la kijiji cha bonde letu. Lakini hakuna aliyefundishwa majina ya wanavijiji waliokuwa katikati ya pande mbili.

Watu hao walifanya kile ambacho watu wa bonde wanafanyaga siku zote: walitazama mto. Wengi walivuka kwenda Burundi. Wengine walipanda milimani. Mwezi wa kumi serikali ilirudisha Uvira kwa msaada wa askari wa kulipwa kutoka nje, na ndege za Wamarekani zilizoendeshwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro zilikuwa zimeshaanza kupiga mashariki. Hapo waliokimbia waasi walirudi, na wengine waliokaa na waasi wakakimbia jeshi. Ndivyo vita ilivyo katika bonde: inakimbiza watu mara mbili, wakati wa kuja na wakati wa kuondoka. Na anayerudi mapema na anayerudi nyuma wanaangaliana kwa jicho baya.

Kuna jambo moja ambalo si rahisi kuandika, lakini chama chetu ni cha makabila yote na hatuwezi kuliruka. Mwanzoni, baadhi ya wakimbizi Watutsi wa Rwanda walipigana pamoja na Simba. Baadaye, mwaka 1965 na 1966, waasi waliposukumwa kupanda milimani, walianza kula na kunyang'anya ng'ombe za Banyamulenge. Vijana wa Banyamulenge wakajiunga na jeshi la serikali ili kujikinga, na jeshi likawashinda waasi pamoja nao. Mfuliiru na Mbembe waliokuwa na watoto wao upande wa waasi hawakusahau. Mnyamulenge aliyepoteza ng'ombe na ndugu hakusahau. Kila upande ulihifadhi nusu ya hadithi na kuwapa watoto nusu ile peke yake. Tulipofika 1996, nusu mbili zile zilikuwa zimeshakomaa. Hatuandiki hivi ili kuhukumu. Tunaandika juu mtu anayetaka kupatana lazima asikie na nusu ya mwenzake.

Mwaka ambao nchi ilipata jina lake

Wakati bonde linaungua, huko juu serikali zilikuwa zinabadilika. Tarehe 30 mwezi wa sita, askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamekuja mwaka 1960 waliondoka. Serikali ya Cyrille Adoula ilianguka, na mwezi wa saba Rais Kasavubu akamwita Moïse Tshombe kuwa waziri mkuu. Watu walishangaa. Tshombe ndiye aliyejaribu kukata Katanga kutoka Kongo, na Waafrika wengi walimhesabia damu ya Lumumba. Sasa alipewa nchi nzima kuilinda isikatike.

Tarehe 1 mwezi wa nane, katiba mpya ilitangazwa. Tunaiita katiba ya Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Chukua kadi yako ya uchaguzi na usome juu: République Démocratique du Congo. Jina hilo lilitoka katika katiba ile. Mobutu alilifuta mwaka 1971 alipoleta Zaïre, na Kabila alilirudisha mwaka 1997. Kwa hiyo jina tunaloliandika kila siku lilizaliwa wakati Uvira haikuwa mikononi mwa serikali.

Katiba ile ile, katika kifungu cha 6, ilijaribu kujibu swali ambalo bado linatuumiza: nani ni Mkongomani? Ilisema kwamba Mkongomani ni mtu ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila au sehemu ya kabila iliyokaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908. Tangu hapo tarehe imehamishwa mara kadhaa. Sheria ya 1981 ilirudi nyuma mpaka 1885, na sheria ya mwaka 2004, tunayoifuata leo, inahesabu makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru, 1960. Kila mara tarehe inapohamishwa, kuna watu wanaolala ndani ya nchi na kuamka nje bila kutembea hatua moja. Wanachama wetu waliofuatilia vyeti vya watoto waliozaliwa kambini wanajua uzito wa jambo hili.

Bukavu, Stanleyville, Isiro

Mwezi wa nane, jeshi la Simba chini ya Nicolas Olenga liliingia Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwezi ule ule lilishuka mpaka Bukavu. Mapigano yalikuwa ndani ya mji wenyewe, lakini Kanali Léonard Mulamba aliwashika askari wake wasikimbie, na Bukavu haikuanguka. Mulamba alipata sifa kiasi kwamba mwaka uliofuata Mobutu alimfanya waziri mkuu. Kama Bukavu ingeanguka, historia ya Kivu yetu ingekuwa nyingine.

Stanleyville, waasi walitangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo, na Christophe Gbenye akawa rais wake. Waliwashika mamia ya Wazungu kuwa mateka. Kule Nairobi, Jomo Kenyatta, aliyekuwa amepewa na nchi za Afrika kazi ya kutafuta amani ya Kongo, aliwakutanisha balozi wa Marekani na Thomas Kanza, mjumbe wa waasi. Mazungumzo hayakufika mbali. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, ndege za Marekani zilidondosha makomando wa Ubelgiji juu ya mji. Mateka wengi waliokolewa, na wengine waliuawa asubuhi ile, akiwemo daktari Mmarekani Paul Carlson, aliyekuwa akitibu watu Wasolo, upande wa Ubangi.

Wafadhili wetu watuvumilie tukisema jambo hili. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaza kurasa na majina ya Wazungu waliokufa, na ni haki kuwalilia. Lakini Wakongomani waliouawa mwaka ule, na Simba, na jeshi, na askari wa kulipwa, walikuwa maelfu kwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa popote. Kazi ya kuandika majina tunayoizungumza kila mara katika chama inaanzia pale.

Jina moja lakini halikupotea. Usiku wa kuingia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, mjini Isiro, Masista wa Jamaa Takatifu walikuwa mikononi mwa Simba. Kanali mmoja alitaka kumchukua kwa nguvu sista kijana aliyeitwa Anuarite Nengapeta, mtoto wa Wamba. Alikataa, akauawa. Tarehe 15 mwezi wa nane 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri Kinshasa. Wamama wa chama wanamtaja mara nyingi, na si Wakatoliki peke yao, kwa sababu kile alichokikataa usiku ule wanawake wa bonde hili wamekikuta katika kila vita.

Dunia ilivyokuwa upande mwingine

Mwaka huo huo, tarehe 12 mwezi wa sita, Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha huko Afrika ya Kusini. Alikaa gerezani mpaka 1990. Mwezi wa saba Malawi ilipata uhuru, na tarehe 24 mwezi wa kumi Zambia nayo. Mwezi wa kumi na mbili Kenya ikawa jamhuri, Kenyatta akawa rais.

Marekani, sheria ya haki za raia ilipitishwa mwezi wa saba, ikikataza kuwabagua watu kwa rangi katika hoteli, mahoteli ya chakula na kazini. Martin Luther King alipokea tuzo ya Nobel ya amani mwezi wa kumi na mbili, akiwa na miaka 35 tu. Siku moja baada ya yeye kuipokea Oslo, Che Guevara alisimama katika Umoja wa Mataifa, New York, na kulia juu ya Kongo. Hakuishia kusema. Mwezi wa nne 1965 alivuka Tanganyika kutoka Kigoma na kutua Kibamba, upande wa Fizi, na Wakuba wengine. Alikaa miezi saba, akaondoka bila ushindi. Ziwa alilolivuka kwa siri ndilo sisi tulilivuka kurudi, mchana, na vikaratasi vyetu mkononi.

Kulikuwa na furaha pia. Mwezi wa kumi, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Tokyo, mara yake ya pili ya Olimpiki, wakati alikuwa amepasuliwa tumbo wiki chache tu kabla. Wilson Kiprugut alipata shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Na Roma, tarehe 18 mwezi ule, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu.

Maamuzi mawili yanayotushika mpaka leo

Katika mwaka ule wa moto, marais na mawaziri wa Afrika walikaa mara mbili na kuamua mambo ambayo mwanachama wa Sange anatembea nayo kila siku.

La kwanza liliamuliwa Kairo, mwezi wa saba, katika mkutano wa wakuu wa OUA. Tshombe alizuiwa asihudhurie. Waliobaki walikubaliana kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuta wakati wa uhuru. Walijua mipaka ile ilichorwa na Wazungu. Lakini waliogopa kwamba kuigusa mmoja kutaibomoa yote. Ndiyo maana Ruzizi, mto ambao shangazi anaweza kuwa ng'ambo na mpwa huku, unabaki kuwa mpaka. Mto huo huo ndio ukuta na ndio mlango: anayevuka akikimbia anakuwa mkimbizi, na akirudi anakuwa mrudi.

La pili lilianza Lagos, mwezi wa pili. Mawaziri wa OUA waliona wakimbizi wa Rwanda wametapakaa Burundi, Uganda, Tanganyika na Kivu kwetu, wakaunda tume ya kushughulikia wakimbizi wa Afrika. Kazi ile ilichukua miaka. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1969, Addis Ababa, ilizaa Mkataba wa OUA juu ya wakimbizi. Ulianza kufanya kazi tarehe 20 mwezi wa sita 1974, na hapo ndipo siku ya wakimbizi, 20 mwezi wa sita, ilipotoka. Nchi yetu imeukubali.

Kifungu cha 5 cha mkataba ule ni chetu sisi warudi. Kwa maneno rahisi kinasema hivi: hakuna mtu wa kurudishwa kwa nguvu. Anayerudi apewe haki zote za raia kama wengine. Na asiadhibiwe wala kusumbuliwa kwa sababu alikimbia.

Kwa nini maneno hayo ya mwisho yana uzito? Tumrudie Mulele. Mwaka 1968 alikuwa Brazzaville. Serikali ya Mobutu ilitangaza msamaha kwa waliokuwa waasi, na waziri akaenda kumchukua. Mulele akavuka mto Kongo kurudi nyumbani. Siku chache baadaye aliuawa vibaya. Unaweza kumchukia Mulele kwa damu iliyomwagika kwa jina lake, au unaweza kumsifu. Lakini hata mtu wa hivyo aliahidiwa kurudi salama, na neno likavunjwa. Mwaka mmoja baadaye bara zima liliandika kwamba anayerudi hataadhibiwa kwa kukimbia.

Hatusemi mkataba unalima shamba. Mrudi anayekuta mwingine amejenga katika parseli yake hashindi kwa kusoma kifungu cha 5 kwa sauti. Lakini anaposimama mbele ya mkubwa wa groupement au mbele ya jaji, ajue kwamba hakuja kuomba sadaka. Na aliye katika parseli ile, mara nyingi naye alikimbia kutoka pahali pengine, naye ana haki ya kusikilizwa.

Tunachowaomba

Wale waliokimbia mwaka 1964 hawakupokelewa na basi wala meli, hawakupewa turubai, sufuria wala unga wa kuanzia. Walirudi wenyewe, kidogo kidogo. Wazee wanasema jirani alimpa jirani mbegu, na wale waliotangulia walipika chungu kimoja na waliofika nyuma. Likelemba ya wamama wetu, na kikundi chetu chenyewe, vina mizizi pale. Wafadhili wanapotuuliza tulijifunza wapi kusaidiana, jibu ni hilo.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 leo amepita sabini. Wengi wamekwisha kutuacha. Kwa hiyo tunaomba kila familia ikae na mzee wake na kuandika katika daftari mambo manne tu: mlikaa wapi kabla ya vita, mlivuka wapi, nani hakurudi, na mliporudi mlikuta nini. Mfuliiru aandike, Mrundi aandike, Mnyamulenge aandike, Mbembe na Mvira waandike. Msisahihishe hadithi ya mwingine. Leteni madaftari kwa mkutano wa mwezi ujao, na sekretari atayapokea.

Tukizikusanya zile nusu nusu, labda watoto wetu watakuwa wa kwanza katika bonde hili kupewa hadithi nzima.